Aliyejibu Kabla Yake

Hivi wewe, anayekupenda akikuita mlangoni, halafu chumba kikamjibu kabla yako, utafanyaje?

Injinia alianza kwa utani. Mtaa ulimwita hivyo kwa kejeli: digrii anayo, kazi hana. Alikuwa mpiga kinanda kanisani, mpaka wazee wa kanisa walipotafuta msimamizi wa ujenzi wakampa mpwa wa mmoja wao, mtu asiyejua nondo wala kokoto. Injinia akawasusa. Akamsusa na Mungu.

Jumapili asubuhi dada yake akagonga. "Kaka, ibada."

"Hayupo!"

"Hayupo, na ndiye anayejibu? Fungua bwana, nimekupigia shati pasi."

"Seriously, dada, niache. Mwambie Mungu wenu aajiri mpwa mwingine."

Dada akaondoka. Chumbani kukanuka saruji mbichi. Kifua cha Injinia kikawa kizito, akajigeuza, akalala.

Jumapili iliyofuata alizisikia hatua za dada na, kusema kweli, moyo ukamlegea. Akafungua mdomo.

"Hayupo," ikasema sauti.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ikitokea ukutani nyuma ya mto.

Akaruka kitandani akaukimbilia mlango, akaupiga ngumi, ngumi zikazama bila kishindo kama anapiga udongo uliolowa, akaita dada, dada, nipo, pumzi ikatoka bila neno, na harufu ile ya saruji ikamjaa puani na kooni na kushuka kifuani, na kila ilipopita pakawa pagumu.

Nje, dada alikuwa analia. "Sema neno moja tu. Hata tusi. Siondoki."

"Nenda," ukuta ukamwambia, kwa upole ambao Injinia hakuwahi kuwa nao. "Sikutaki wewe wala Mungu wako."

Akazisikia hatua zikienda. Hakuna upweke kama ule: kukataa kwa kinywa kisicho chako, na kila mtu akaamini, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa ukisema.

Dada alipowaita wazee, walisimama nje, wakasikia "hayupo" mara moja, wakatikisa vichwa. "Ameufanya moyo wake mgumu. Tumwachie Mungu." Wakaenda kukagua ujenzi.

Mungu gani mnamwachia, nyinyi mliomimina zege la kwanza? Yumo mle, midomo inachezacheza bado. Rudini leo. Msiulize kama yupo. Vunjeni mlango, na atakayetangulia kuingia aanze kwa kumwomba msamaha.