Nyambizi Iitwayo Kilo

Mpira wa pampu ulikuwa umekatwa kwa kisu. Inspekta Hosiana aliliona hilo mara tu alipofika kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la Lusia, nje kidogo ya Kahama, asubuhi ya Jumanne. Maji yalikuwa yamepanda usiku kucha, na mume wa Lusia, Masalu, alikuwa bado chini.

"Mwendesha pampu ni Doto!" wachimbaji walipiga kelele. "Jana aliondoka mapema!"

Doto alisogea mbele. "Shikamoo afande. Nilimpeleka mwanangu zahanati, Nyasubi. Muulizeni muuguzi."

Hosiana alipiga simu. Ilikuwa kweli.

Ndipo akajitokeza Marcel, mwenye duara la jirani, taulo mabegani, nywele zikichuruzika maji.

"Nimezamia mpaka chini," alisema. "Masalu amekufa. Kuta zinamomonyoka. Tulifukie shimo kabla halijaua wengine."

Lusia aliketi kwenye kifusi. Wanaume wakaanza kuokota makoleo.

"Kuzamia ulijifunza wapi?" Hosiana aliuliza.

"Urusi, jeshi la majini. Nilikuwa baharia wa nyambizi miaka mitatu."

"Nyambizi gani?"

"Kilo. Sote mle ndani tuliiita hivyo. Ya kwanza kuundwa ilipewa jina Kilo, zilizofuata zikarithi."

Koleo la kwanza la udongo lilianguka shimoni. Hosiana aliinua mkono. Tangu chuoni alikuwa akisoma historia ya nyambizi kama wengine wasomavyo hadithi za mapenzi.

"Acheni kufukia!" alifoka, kisha akamgeukia Marcel. "Kuipa aina nzima jina la chombo cha kwanza ni desturi ya Waingereza na Wamarekani. Warusi waliipa namba, Mradi 877. Mahasimu wao wa Magharibi ndio walioibandika Kilo, neno la kutajia herufi K redioni, kama walivyoiita nyingine Tango kwa herufi T. Wewe umeishi ndani yake miaka mitatu, halafu huijui kwa jina la wenyewe?"

Marcel alilamba midomo. "Ni zamani, afande. Nimesahau."

"Hujasahau. Hukuwahi kuwamo. Na kama huo ubaharia ni uongo, nani aniambie kwamba Masalu umemwona?"

Lusia aliinuka. "Pampu! Leteni pampu nyingine!"

Doto alikwenda mbio kuazima. Maji yalishuka taratibu mno, na kila ukuta ulipodondosha jiwe Lusia alifumba macho. Alasiri, kutoka chini, ulisikika mgongano hafifu wa nyundo kwenye mwamba.

Marcel aligeuka kuondoka. Askari wawili waliokuja na Hosiana wakamshika.

Masalu alivutwa juu kwa kamba, rangi ya tope mwili mzima. Alikuwa amejibana kwenye njia ya juu ambako maji hayakufika.

"Alitoboa chini kwa chini mpaka kwenye mwamba wetu wa dhahabu," alisema, akimwonyesha Marcel kwa kidole. "Jana nilimwambia nitamshitaki."

"Nilikata mpira ili mfunge shimo tu," Marcel alinong'ona. "Sikujua bado umo."

"Na leo asubuhi?" Hosiana aliuliza. "Ulipowaambia wafukie, hukujua yumo?"

Askari walimfunga Marcel pingu. Lusia hakumwangalia hata kidogo. Alikuwa amepiga magoti, akimfuta mumewe tope machoni kwa khanga, akirudia kwa Kisukuma neno moja la shukrani: "Wabeja, wabeja, wabeja."