Mashine Iliyotafuta Mkono

Rafiki yangu Mutanu wa Kibwezi hapeani tena mkono. Ukimnyooshea wako, anarudi nyuma.

Siku tabia hiyo ilipoanza, alikuwa akijifunza kutumia mashine ya faksi katika chumba cha nyuma, kisicho na dirisha, cha wakili aliyemwajiri. Amri ya korti ya kuzuia malori ya mchanga ilipaswa kuwafikia polisi haraka, kwani kaka yake Nzomo alikuwa mtoni na wanakijiji, na wachota mchanga walikuwa wanakuja na mapanga.

“Hii mashine ni Mkamba,” fundi Kinyanjui alimtania. “Haitoi habari kabla ya salamu. Ukiisikia inalia, inatafuta mkono wa mwenzake. Ikiupata, ukurasa unapita.”

Hata kabla Kinyanjui hajachomeka waya wa simu, mashine ililia. Mlio mwembamba, mrefu, kisha kishindo. Karatasi ikatoka polepole: kiganja cheusi, kidole cha mwisho kimepinda. Nzomo alivunjika kidole hicho utotoni.

Mutanu akampigia.

“Mkono wako uko sawa?”

“Si ndio huu umeshika simu, dada,” Nzomo alicheka. “Ngoja, malori yanaingia.”

Injini zikanguruma. Panga likagonga mfupa, likagonga tena. Nzomo akapiga yowe, na simu ikaanguka mchangani.

Mutanu akatazama karatasi. Pale kiganja kilipokatikia, wino ulikuwa bado unatiririka. Kinyanjui alikuwa bado ameshika waya. Mashine ikaanza kulia tena, ikitafuta mkono wa pili.