Kamera Sawa na Macho

Kila asubuhi Burulai alikamua ng'ombe, akapika chai ya maziwa, kisha akabeba ndoo kwenda shambani. Zamani viazi vyake vilinyweshwa na mfereji uliopita nyuma ya nyumba. Sasa mfereji ulikuwa mkavu. Esengeldi, tajiri aliyejenga hoteli mlimani juu ya kijiji cha Ak-Jar, alikuwa amefunga lango la maji. Alitaka bwawa la wageni wake lijae.

Wanawake walilalamika. Watu wa televisheni wakaja, wakawapiga picha, wakaondoka. Taarifa ilipotoka, Burulai aliketi kuitazama pamoja na mama mkwe wake, Saikal.

"Mbona tuko kama kondoo waliopotea?" Saikal akauliza.

Ni kweli. Wanawake walionekana kutoka juu, wadogo, vichwa vimeinama. Kisha akatokea Esengeldi, mrefu kama mnara, mbingu yote nyuma yake. "Hawa ni wavivu," alisema. "Wamezoea kuombaomba."

Burulai akazima televisheni. "Maneno yetu yote wameyarusha, mama. Lakini nani atamsikiliza mtu mdogo kama sisimizi?"

Akaenda moja kwa moja kwa jirani yake, Kanikei. Mama huyo alishika kamera miaka mingi katika studio ya filamu huko Bishkek, mji mkuu, kabla ya kurudi nyumbani.

"Keti hapo," Kanikei alimwambia. Akapanda juu ya benchi, akampiga picha kwa simu. Halafu akalala chini kwenye majani, akampiga nyingine. "Tazama. Huyu nani?"

"Mimi. Maskini, kama nimefiwa!"

"Na huyu?"

Burulai akacheka. "Mimi pia. Lakini huyu hata mbwa wa Esengeldi angempisha njia!"

"Umeona? Hukubadilika wewe. Kamera ndiyo iliyohama. Ikikutazama kutoka juu, unapungua. Ikikutazama kutoka chini, unaongezeka. Ikiwa sawa na macho yako, mtazamaji anakutana nawe kama jirani."

"Basi tutengeneze filamu yetu, dada. Nifundishe."

"Picha ya mbali inaonyesha tuko wapi. Picha ya kati inaonyesha tunafanya nini. Picha ya karibu inaonyesha moyoni kuna nini. Ukianza na uso unaolia, watu watauliza analilia nini. Ukibaki mbali tu, hawatajali. Uwalete polepole."

Wakaanza kazi kwa simu ile ile. Kutoka kilimani walipiga picha ya mbali. Bwawa la bluu lilikuwa juu, mashamba ya kahawia yalikuwa chini, na lango la chuma katikati. Hapakuhitajika neno lolote. Kisha wakapiga picha ya kati ya Saikal akimwaga ndoo. Kisha Burulai akasogea karibu kabisa. Jani la kiazi likavunjika kati ya vidole vya bibi huyo.

"Mikono hii yenye nyufa unaipigia nini?" Saikal akagomba. "Piga uso! Nimefunga kitambaa kipya!"

"Uso unafuata, mama. Usiondoe vidole."

Mwishowe wakamwendea Esengeldi. Alikubali kuhojiwa, akitabasamu. Burulai akapanda juu ya jiwe ili amtazame kutoka juu.

"Unataka kumfanya mdogo?" Kanikei akamnong'oneza.

"Ndiyo! Na yeye aonje!"

"Kamera ni yako. Lakini watu wakinusa kisasi, watamhurumia yeye."

Burulai aliuma meno, akashuka. Akaiweka kamera sawa na macho ya Esengeldi.

"Bwana, maji ya mfereji ni ya nani?"

"Ya mwenye lango," alijibu, akacheka.

Burulai hakuzima kamera. Aliiacha imtazame tu. Kicheko kikakauka. Esengeldi akagusa kola yake, akaangalia pembeni.

Maofisa wa maji wa wilaya walipokuja kwa mkutano, wanawake walitundika shuka jeupe katika ukumbi wa kijiji. Projekta ikawashwa, filamu ikaanza. Esengeldi akaruka kutoka kitini.

"Zima upuuzi huo! Nani amekuruhusu, we mwanamke?"

Burulai akasimama mbele ya swichi ya projekta. "Kufunga maji nani alikuruhusu? Kaa, bwana. Zamu yako ya kuongea inakuja."

Ukumbi ukaangua kicheko. Esengeldi akakaa. Zikapita picha za bwawa, za ndoo, za vidole. Kwenye shuka, Saikal akawatazama watu wote usoni bila kupepesa. Ndipo ikasikika sauti ya tajiri mwenyewe: "Ya mwenye lango."

Kicheko chake kwenye filamu kikakatika. Kisha ukumbi ukalipuka kwa hasira. Ofisa mmoja akaomba kuona tena picha ya mbali, ile ya bwawa na mashamba. Akaitazama kwa muda, halafu akaamuru lango lifunguliwe. Kuanzia hapo hoteli ingepata maji kwa zamu, kama kila nyumba.

Maji yakarudi mferejini. Viazi vikanyanyua majani, na vuli ile Saikal alijaza ghala lake.

Habari zilifika kijiji cha pili, ambako vumbi la machimbo ya mawe lilikuwa likiwakohoza watoto. Wanawake wa huko wakaja kwa Burulai kujifunza. Mmoja wao aliishika simu kwa woga.

"Na wakitukataza?"

"Watakataza," Burulai akasema. "Shika kwa mikono miwili, isitikisike."