Hodi ya Saa Nane Mchana

Nilikuwa chooni, suruali imelala miguuni, nilipomkaribisha jini nyumbani kwa mama yangu.

"Hodi," sauti ya kike iliita mlangoni.

"Karibu, pita ndani!" nikapaza sauti, nikidhani ni jirani kaja kuazima kitunguu.

Nilitoka nikihangaika na zipu. Sebuleni hapakuwa na mgeni. Palikuwa na harufu ya maua ya mlimau yaliyoungua, na mama yangu, Crocifissa, kasimama na nusu ya biringanya mkononi, uso umempauka.

"Baldassare," alinong'ona, "saa ngapi sasa hivi?"

"Saa nane."

"Saa nane mchana! Palermo nzima imefunga madirisha, hata mbwa wa sokoni wamelala. Umemkaribisha nani, wewe punda?"

Nina miaka hamsini na miwili. Nimeuza viatu vya wanawake kisiwa kizima, na bado nilisahau jambo ambalo kwetu mtoto hulijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu vyake: anayebisha hodi saa ya jua kali si mtu, na hajibiwi.

Jioni ile tulisikia visigino vikitembea juu ya vigae vya sakafu. Kesho yake sauti ya mama ilikwaruza. Siku ya tatu ikawa pumzi tupu, na nyuma ya kabati mtu akaanza kuniita, taratibu, kwa sauti ile ile ya mama, akikohoa kama mama, akicheka kama mama, akilitaja jina langu la utotoni ambalo hakuna mwingine aliye hai anayelijua, wakati mama mwenyewe amekaa mbele yangu, mdomo wazi, machozi yanamtiririka, kajishika koo kwa mikono miwili kama anayezuia mlango usivunjwe.

Nikashuka mbio kwa Bi Mbarka, Mtunisia wa ghorofa ya chini, ambaye hata padri wetu huwaelekeza watu kwake kimyakimya. Akaja, akamwaga chumvi kizingitini, akasoma, akanusa hewa.

"Nani alimwitikia?"

"Mimi."

"Ukiwa wapi?"

"Chooni."

Akafumba macho kama mwenye jino bovu. "Basi huyo ni wako, baba. Kaingia kwa neno lako, atatoka kwa miguu yako. Mzungushe kisiwa, umwache mbali. Ukirudi naye, mama yako hatasema tena mpaka kaburini."

Nikapakia viatu garini. Mjini Trapani, mhudumu wa hoteli aliniwekea sahani mbili za kuskusi.

"Niko peke yangu," nikamwambia.

Akatazama kiti cha pili, akaomba radhi. Hakuniomba mimi.

Agrigento, viatu vyote vya saizi thelathini na saba vilikutwa vimelowa ndani, kana kwamba vimevaliwa. Hata jini, kwangu, alikuwa mteja wa kujaribu bila kununua. Sirakusa niliegesha kando ya bahari, nikamfungulia mlango kwa adabu. "Shuka, bibie, upunge upepo." Kisha nikaondoa gari mbio, mlango ukipigapiga, wala sikugeuka nyuma.

Messina nilipiga simu. Mama akapokea mwenyewe.

"Umekula?" aliuliza.

Nililia kando ya barabara mpaka malori yakanipigia honi.

Nilirudi Palermo kwa akili safari hii. Nilingoja hadi saa kumi na moja, madirisha yafunguliwe, wauza samaki waanze kutukanana. Nikaingia mtaa wetu, ambao jina lake limeandikwa ukutani kwa Kiitaliano, Kiebrania na Kiarabu, ili pasiwe na kiumbe wa kupotea. Nikapanda ngazi.

"Hodi, mama! Ni mimi, Baldassare!"

Nikasikia kandambili zake zikija, kisha zikasimama. Ufunguo haukuzunguka.

"Mama, fungua basi. Nimekuletea lozi."

"Nimesikia hodi mbili," alisema. "Rudi ulikotoka."