Raba Namba Tisa

Jumatatu, tarehe 9 Januari 1995. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umefunika mlima Matogoro, na mvua nyembamba ilikuwa inanyesha Songea yote.

Nilikuwa nimemaliza sala, nachochea moto wa uji. Mume wangu, Romanus, aliingia jikoni ameshika bahasha. Ndani yake mlikuwa na shilingi elfu kumi na sita, hela za mbolea ya kukuzia mahindi.

"Mama Benigna," alisema, "mbolea mwaka huu basi. Nakwenda dukani kununua raba."

"Mahindi yamefika magotini. Bila mbolea tutavuna nini? Majani?"

"Na bila raba, binti yako ataajiriwa na nani?"

Binti yetu Benigna alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi ya askari. Tarehe 30 angekimbia kilomita nane. Mwaka jana aliitwa pia. Akafika wa mwisho, anachechemea, malengelenge yamepasuka miguu yote miwili. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne. Mwaka kesho umri ungekuwa umempita.

"Mwaka jana nilinunua za elfu nane, ndiyo maana zilimuumiza," Romanus alisema. "Rahisi ni ghali. Safari hii nanunua za elfu kumi na sita!"

"Kwanza twende kwa Bi Zena," nilimwambia.

Bi Zena ni jirani yetu, mwenyeji wa Tunduru. Anauza viatu vya mitumba sokoni.

"Kafa Ulaya!" Romanus aliguna. "Binti yangu avae viatu vya mzungu aliyekufa?"

Lakini tulikwenda, yeye na mimi na Benigna.

"Shikamoo, Bi Zena," Benigna alisalimia.

"Marahaba, mkimbiaji wetu. Zile raba za mwaka jana ziko wapi?"

Sote tuliangalia miguu ya Romanus. Alikuwa amezivaa.

"Hizi hapa," alisema kwa fahari. "Bado nzima kabisa."

"Vua moja. Mama Benigna, wewe unasoma darasa la jioni. Ndani ya ulimi wa kiatu pameandikwa namba gani?"

Nilisogea kwenye mwanga. Mwaka jana nisingejua hata pa kutazama. "Tisa," nilisoma.

"Na mguu wa Benigna?"

"Namba sita," Benigna alijibu taratibu.

Bi Zena alicheka mpaka akashika ubavu. "Baba Benigna! Ulimnunulia binti, au ulijinunulia mwenyewe?"

"Nilitaka zitufae wote. Yeye akimbilie, mimi niendee misa. Mbele tulijaza matambara."

"Kabla ya siku ya mbio alizivaa mara ngapi?"

"Hata mara moja! Kitu kipya kile. Nilizifungia kabatini zingoje siku yake, kama nguo ya Pasaka. Na maji ya baraka nilinyunyizia."

Bi Zena aliacha kucheka. "Dua ilifika, Baba Benigna. Mwenyezi Mungu anasikia. Lakini mguu na kiatu havikuwa vimejuana. Kiatu kipya ni kigumu. Kiatu kikubwa kinacheza na kusugua. Hata kingekuwa cha elfu hamsini, malengelenge yangetoka tu."

Romanus alitazama bahasha yake.

Tukafuatana hadi sokoni. Bi Zena alifungua gunia, akatoa raba nyeupe zinazong'aa.

"Hizo!" Romanus alisema.

"Ngoja. Tazama chini. Soli imelika upande mmoja. Mguu utalala upande huo, na goti litauma." Aliziweka pembeni, akatoa za kijivu zilizopauka. "Hizi soli yake imelika kidogo, tena sawasawa. Sasa zikunje. Kiatu cha kukimbilia kinakunjika hapa mbele, pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati kama chapati, kiache. Bonyeza kisigino. Kikiwa kigumu kama tofali, kiache pia."

Benigna alivaa soksi, akavaa raba, akasimama.

"Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba," Bi Zena alisema, akibonyeza. "Ipo. Nyuma kisigino kisitoke. Sasa kimbia hadi kwenye nyanya, urudi."

Benigna alikimbia. Alifika kwenye nyanya, akapita, akakata kona.

"Huyo kaiba kiatu!" muuza nyanya alipiga kelele, na watu wakacheka.

Benigna alizunguka soko zima. Aliporudi alikuwa anatabasamu. "Mama, nilisahau kama nimevaa kitu."

"Bei gani?" Romanus aliuliza.

"Elfu nne."

"Elfu mbili."

"Loo! Kafa Ulaya nayo unaiombea punguzo? Lete elfu tatu, soksi nakupa. Benigna, zivae kuanzia leo, kidogo kidogo. Zikilowa, jaza magazeti, kausha kivulini. Usizitundike juu ya moto, gundi itaachia."

Hela zilizobaki zilinunua mbolea siku hiyohiyo.

Kila alfajiri, mvua au ukungu, Benigna alikimbia hadi chini ya Matogoro na kurudi. Mimi nilisali rozari huku nikimngoja. Siku tatu kabla ya usaili, nilimkuta Romanus mbele ya kabati. Ameshika zile raba za kijivu.

"Zipumzike kidogo," alisema.

Nilisimama mbele ya mlango wa kabati. "Romanus, kabati halikimbii. Mrudishie mtoto viatu."

Akamrudishia.

Tarehe 30 jioni Benigna aliingia uani anatembea sawasawa. "Nimekuwa wa sita," alisema. "Wamenichukua." Nilipiga magoti palepale kwenye tope.

Jumamosi iliyofuata, jumuiya yetu ilisali nyumbani kwetu kumshukuru Mungu. Bi Zena naye alikuja, akaketi nasi. Baada ya sala Romanus alisimama. Mkononi alishika zile raba namba tisa.

"Ndugu zangu," alisema, "kwa padri nimeungama mengi, lakini hili nililificha. Hizi nilizinunua kwa jina la mtoto na kwa kipimo cha mguu wangu. Naahidi mbele yenu, na Bi Zena awe shahidi: nyumbani kwangu kiatu kitapimwa kwanza kwenye mguu wa atakayekivaa, ndipo nitakapouliza bei. Na siku kitakaponunuliwa, siku hiyohiyo kitaanza kazi."