Ndama Aliyelala Kibondeni

Ndama jike alikutwa amekufa alfajiri ya Alhamisi moja ya Juni, mwaka 1995, katika kibonde kilicho nyuma ya migomba ya Elina, huko Kisiba. Aliyemkuta ni Elina mwenyewe, na kabla jua halijatoka alikuwa tayari mshtakiwa.

Sababu ilikuwa wazi. Ng'ombe wake alitoka katika kikundi cha akina mama wa kanisa, na sharti la kikundi lilikuwa kwamba ndama jike wa kwanza apewe mwanakikundi anayefuata. Jumapili iliyofuata ndama huyo alikuwa akabidhiwe kwa Atupakisye, aliyekuwa na zamu. Mwenyekiti, Mama Debora, aliitisha kikao asubuhi ile ile: ikionekana Elina amemuua ndama ili asimtoe, atanyang'anywa ng'ombe. Elina alikuwa mjane. Watoto wake walisoma kwa maziwa ya ng'ombe huyo.

Sajini Ezron alifika kutoka Tukuyu saa tatu, pamoja na bwana mifugo. Ukungu ulikuwa haujainuka na hapakuwa na upepo. Bwana mifugo alisema tumbo halikuvimba, mdomo ulikuwa mkavu na safi, na mwilini hapakuwa na jeraha. Kamba ilikuwa fupi mno, imefungwa kwenye kisiki cha mgomba shibiri moja kutoka ardhini, hata mnyama asingeweza kuinua kichwa. Kando yake walikuwapo panzi kadhaa na chiriku mmoja, wote wamekufa.

Sajini alichuchumaa alitazame fundo. Pua ikamwasha kama aliyevuta pumzi juu ya chupa ya soda, kichwa kikazunguka. Aliposimama, hali ile ikaisha.

Alianza na Meshaki, jirani mwenye kahawa, kwa kuwa wiki iliyopita ndama alimlia miche ya maharage naye akatishia kumwekea sumu. Meshaki alikiri kwamba anayo dawa ya kunyunyizia kahawa. Alieleza kuwa zamani dawa ilitoka kwenye ushirika peke yake, lakini siku hizi kila duka linauza.

"Nikimwekea sumu, afande, nitamfunga kamba ya nini?" aliuliza. "Sumu haihitaji kamba."

Elina alisema kwa ufupi kwamba ndama akifa, deni halifi, angedaiwa mwingine. Usiku alimfungia ndama bandani, na hakusikia kelele yoyote. Sajini alimwuliza ni nani ambaye ndama angemfuata bila kulia. Elina alijibu kuwa ni yeye mwenyewe, na Tupokigwe, ambaye humsaidia kukata majani.

Tupokigwe alikuwa wifi yake Atupakisye. Alizaliwa pale pale, akaolewa mbali, ndoa ikavunjika, akarudi kuishi katika shamba la baba yao, ambalo sasa ni la kaka yake. Alieleza bila kuulizwa mara mbili kwamba alipita kibondeni kungali giza, akielekea kuchota maji.

"Nilimwona amelala. Nikainama na koroboi hadi mdomoni, nikaona povu jeupe. Hiyo ni sumu, afande. Mwulizeni Meshaki."

Sajini alimwomba koroboi hiyo, kisha akamwomba Mama Debora alete kikao ukingoni mwa kibonde kabla upepo haujaanza.

Akina mama walisimama kwenye ukungu. Sajini aliwasha koroboi, akashuka. Kifuani mwali ulisimama vizuri. Kiunoni ulififia. Alipoufikisha magotini ulizimika ghafla, na moshi wake ukatanda bapa, kama umekutana na maji. Akawasha tena, ukazima pale pale.

"Hii ni hewa ya ukaa," alisema. "Hutoka ardhini. Haionekani, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Pasipo upepo hujaa humu kama maji kwenye bakuli. Aliyesimama hupona. Aliyefungwa kichwa chini hufa, na hatoi povu." Akamgeukia Tupokigwe. "Mama, kwa taa hii usingeuona mdomo wa ndama."

"Labda niliona vibaya."

"Labda. Na fundo lile la chini? Mimi nilichuchumaa nikapata kizunguzungu. Aliyelifunga alifanyaje?"

Tupokigwe alitazama kisiki.

"Alibana pumzi," alisema. "Sisi tuliozaliwa hapa tunafundishwa tungali watoto: usikae kule kabla ya upepo, na kitu chako kikianguka, bana pumzi ukiokote. Ya taa sikufundishwa. Hakuna anayeshuka kule na taa."

Mama Debora alimwuliza Tupokigwe, Elina alimkosea nini.

"Elina hana kosa. Aliyekuwa apewe ndama ni huyu." Hakumtazama Atupakisye. "Ana mume, ana nyumba, na mume mwenyewe ni kaka yangu. Jumapili angeongezewa ng'ombe, na majani yangekatwa na nani? Na mimi. Kwenye shamba la baba yangu."

Mama Debora alitangaza kwamba ng'ombe wa Elina haguswi. Elina aliketi palepale kwenye nyasi, akafunika uso kwa kanga.

Atupakisye alimsogelea wifi yake. "Ungeniomba, wifi, maziwa tungegawana nusu kwa nusu."

"Najua ungenihurumia ukanipa," alijibu Tupokigwe, akimnyooshea sajini mikono afungwe pingu. "Ndiyo maana nilimuua."