Kiti cha Gracjan

Mto wa kiti cha dirishani, mle ndani ya treni, ulikuwa umebonyea, na hakuna mtu aliyekuwa amekikalia.

Kalina ndiye aliyeona kwanza. Akaugusa kwa kiganja, akaurudisha mkono haraka kama aliyegusa sufuria jikoni.

"Dada, kiti kina joto."

"Jua hilo," Jagoda akajibu bila kuinua macho kwenye simu.

"Jua liko upande wa pili."

Bogusz, aliyekuwa amelala chali na soksi zake zinazonuka zimeelekea mlangoni, akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Gracjan huyo. Kajamba, kaona aibu, katoka."

Wakacheka wote watatu. Nawe cheka kidogo, maana baadaye hutapata nafasi. Huyo Gracjan hakuwepo duniani. Walimtunga wenyewe asubuhi ile, kwa uchoyo wa viti.

Walikuwa wanafunzi kutoka Poznań, Poland. Jagoda na Bogusz walikuwa chuo mwaka wa pili, Jagoda anasoma sheria, Bogusz anasoma kitu ambacho hata mama yake hawezi kukitamka. Kalina, mdogo wake Jagoda, ndiyo kwanza amemaliza shule. Walikata ile tiketi ya vijana ya mwezi mzima, panda popote, shuka popote, Ulaya yote. Mama yao wale dada wawili hakutaka Kalina aende. Jagoda akamshika mikono pale steshenini, akamwambia, "Mama, nitakurudishia kama alivyo." Mama akakubali. Wasomi wana maneno matamu, hilo siwanyimi.

Sasa, treni za kule nyingi zina vyumba vya viti vinavyotazamana, na mlango wa kioo. Kijana yeyote wa Kipolandi anajua namna ya kuvilinda. Mnaingia wachache, mnafunga mlango, mnashusha pazia. Mnavua viatu. Mnatandaza mabegi, mmoja anajifanya mgonjwa. Akija mtu kuuliza kama kuna nafasi, mnamwambia zimekaliwa, wenzetu wako kwenye behewa la chakula. Hakuna anayeona haya. Kwao huo si uongo, ni ufundi wa safari. Mimi nikiufunga mlango wa namna hiyo hata mkaguzi wa tiketi anabisha hodi kwa adabu.

Asubuhi ile, katika treni ya kutoka Budapest kwenda Brașov, ujia ulikuwa umejaa watu mpaka chooni. Mlango ukafunguliwa. Mwanamke mnene, jasho linamtiririka, mtoto wa kike amemlalia begani, akauliza kwa Kiingereza cha kuungaunga, "Kuna nafasi?"

"Samahani sana mama," akasema Jagoda, kwa ile sauti ya wakili anayekwenda kukushinda, "zote zimekaliwa."

"Hata hicho cha dirishani?"

"Hicho ni cha Gracjan. Amekwenda kununua maji. Ana miguu mirefu, lazima akae dirishani."

"Gracjan akikosa kiti analia," Bogusz akaongeza.

Yule mama akawaangalia, akafunga mlango taratibu. Akasimama ujiani, upande wa pili wa kioo, saa baada ya saa. Jagoda akavuta pazia, lakini pembeni palibaki upenyo, na kwenye upenyo huo yule mtoto aliweka paji la uso. Aliwaangalia wao. Kisha akakiangalia kiti cha dirishani, akatabasamu, akakipungia mkono.

Basi utani ukanoga. Wakila, wanamwekea Gracjan kipande cha mkate wenye soseji. Wakibadilisha treni, Bogusz anapiga kelele, "Gracjan, beba begi, mvivu wewe!" Kila treni walimtengea kiti kile kile, cha dirishani kinachoelekea mbele, na kila aliyeuliza aliambiwa kina mwenyewe. Kalina ndiye aliyekaa jirani yake siku zote. Alikuwa mdogo, ndiye aliyepewa kiti kibaya.

Mkaguzi alipokuja, siku chache baadaye, treni ikishatoka Brașov, akachukua tiketi za hao watatu, akazigonga mhuri, akabaki amenyoosha mkono kuelekea dirishani.

"Na kijana huyu?"

"Yupi?" Jagoda akauliza.

Mkaguzi akapepesa macho. Akarudisha mkono, akafuta kiganja kwenye suruali. "Naombeni radhi," akasema, akatoka, na mlango hakuufunga.

"Kalewa," akasema Bogusz. Lakini alikaa sawasawa, akavaa viatu.

Harufu ikaanza hapo. Harufu ya koti la sufi lililofungiwa sandukuni likiwa bichi, na ndani yake harufu ya chuma na udongo. Wakafungua dirisha, haikutoka. Kisha wakasikia sauti ndogo, tk, tk, ya mtu anayebangua mbegu za alizeti kwa meno. Kalina akainama, akaokota ganda sakafuni. Lilikuwa na mate.

"Bogusz, acha," Jagoda akanong'ona.

"Mimi? Nakula nini mimi? Niangalie mdomo!"

Treni ikaingia kwenye handaki, taa za chumbani zikakataa kuwaka, na katika giza lile, wakati magurudumu yanapiga kelele na ukuta wa mawe unapita karibu na dirisha kiasi cha kuugusa, Jagoda alihisi kitu kizito kikijisogeza kati ya magoti yake na magoti ya Bogusz, polepole, kwa adabu, kama abiria anayerudi kutoka chooni na hataki kuwaamsha wenzake, na nguo yake, kwa sababu ilikuwa nguo, mbichi na baridi, ikajiburuza kwenye mapaja yake, ikapita, ikakaa, na springi za kiti cha dirishani zikalia, na sauti ya kiume, ya upole kabisa, ikasema kwa Kipolandi safi: "Asanteni kwa kunishikia nafasi."

Mwanga uliporudi kiti kilikuwa kitupu. Bogusz alikuwa amejikojolea. Simcheki. Au namcheka kidogo tu.

Kalina alikuwa amesinzia. Kichwa chake kilikuwa kimeegama upande wa dirisha, lakini hakikugusa dirisha wala kiti. Kilikuwa kimelala hewani, shavu limebonyea, kama mtu aliyeegemea bega la mwenzake.

Walipofika Ruse, Bulgaria, ng'ambo ya mto Danube, Kalina alikuwa si yule. Bega lake la kushoto lilikuwa baridi kama nyama ya buchani. Chakula alikigawa nusu kwa nusu, nusu moja akaisogeza mbele ya kiti kitupu na hakuigusa tena. Akisemeshwa anageuka kwanza pembeni, anasikiliza, ndipo anajibu.

"Gracjan anasema tusikae sana hapa," akasema mezani, katika nyumba ya wageni. "Anasema tukifika mwisho wa reli atanipeleka kwao."

"Kwao wapi, Kalinka?" Jagoda akauliza.

"Hajasema. Anasema kwao watu wote wamesimama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa akae." Akatabasamu. "Ndiyo maana anatupenda sana."

Mwenye nyumba, Mitko, aliyejua Kipolandi kidogo, aliyasikia hayo akiwa anafuta glasi. Alivua aproni, akawapeleka kwa miguu mpaka mtaa wa Waturuki, kwa mwanamke mmoja aitwaye Nazmiye, aliyekuwa uani anachoma pilipili hoho kwenye bati. Mwanamke wa makamo, mikono myeusi kwa masizi, mdomo mkali.

"Mnasoma chuo?" akauliza baada ya kusikia habari yote, Mitko akitafsiri.

"Ndiyo," akasema Bogusz.

"Inaonekana."

Akamkalisha Kalina kwenye kigoda, akamfunika shuka kichwani. Akayeyusha madini ya risasi kwenye kijiko cha chuma, akasoma Bismillahi na mengine kwa kunong'ona, akaimimina ndani ya bakuli la maji juu ya kichwa cha msichana. Maji yakapiga kelele. Kwa watu wengine risasi ile hutoka na miiba, hupasuka vipande, na hofu huondoka nayo. Hii ilizama bila kupasuka. Nazmiye akaitoa, akaiweka kiganjani, akainua kuwaonyesha. Ilikuwa laini, imebonyea katikati, mfano wa mto uliokaliwa.

"Mwizi ningemfukuza," akasema. "Huyu si mwizi. Huyu mmempa jina, mmempa kiti, mmemlisha. Nani aliyemkaribisha?"

Bogusz akamwangalia Jagoda. Rafiki mzuri sana.

"Mimi," akasema Jagoda.

"Basi sikiliza, binti. Mlimpa kiti kwenye treni, atatokea kwenye kiti cha treni. Pandeni. Kitengeni kama kawaida yenu. Kisha wewe, kwa hiari yako, kikalie. Atamwachia mdogo wako, atakushika wewe."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Wewe ndiye mwenyeji wake. Ukishakuwa naye, teremka, rudi hapa kwangu. Aliyemchukua kwa hiari namtibu. Inachukua muda, miaka labda, lakini anapona. Yeyote utakayemkalisha hapo bila kujua," akaitupa ile risasi motoni, "huyo hatajua hata mlango wa kubisha apate dawa."

Jagoda akaapa. Aliapa mbele ya Mitko, mbele ya Bogusz, akamkumbatia Kalina, aliyegeuka pembeni kwanza, akasikiliza, ndipo akamkumbatia. Hakuwa anaigiza. Njia nzima ya kwenda steshenini alimshika mdogo wake mkono.

Wakapanda treni ya Sofia mchana. Wakaingia chumba kitupu, wakafunga mlango. Kalina akakaa mahali pake, kichwa kikaegama hewani. Harufu ikaja. Tk, tk. Kioo cha dirisha kikapata ukungu wa pumzi, ukapotea, ukaja tena.

"Sasa," Bogusz akanong'ona. "Jagoda, sasa."

"Najua."

"Anakwisha, mwangalie!"

"Najua, nyamaza!"

Akasimama. Hatua moja tu ilibaki, na katika hatua ile alikiona kiti vizuri kuliko alivyowahi kukiona, kile kitambaa cha bluu kilichochakaa na ule mbonyeo wake uliokuwa ukipanda na kushuka taratibu, ukipumua, na pembeni ya mbonyeo alama za vidole virefu vilivyokuwa vikipigapiga mto, polepole, kama mtu anavyomwita paka aje apakatwe, na magoti yake yakakataa, kabisa, yakakataa kama ya punda, na akaendelea kusimama hapo, treni inayumba, Kalina anazidi kuwa mweupe, yeye anajiambia sasa, sasa, kituo hiki, hapana, kijiji kile kikishapita, sasa.

Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa msichana wa rika lake, Mbulgaria, begi moja na viatu vipya vinavyombana. "Samahanini," akasema kwa Kiingereza, akihema. "Kuna nafasi? Huko kote wameniambia zimejaa."

Bogusz akafungua mdomo. Ninampa haki yake, alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

"Ipo," akasema Jagoda. "Karibu. Kaa hapo dirishani, utaona mashamba."

"Jamani! Mungu awabariki. Vijana wa siku hizi hawako hivi." Akampita Jagoda, akakaa. Springi zikalia mara mbili. "Naitwa Zornitsa. Nakwenda kuanza kazi hospitalini, kwenye ufuaji. Mnataka cheri? Za bibi yangu hizi." Akawatolea mfuko, akavua viatu, akacheka mwenyewe kwa raha. Kisha akavuta sweta lake kifuani. "Mbona upande huu kuna baridi?"

Kalina akainua kichwa. Damu ikamrudia usoni kama mtu aliyetolewa majini. Akaangalia huku na huku, akamwona dada yake amesimama.

"Dada, tuko wapi? Nina njaa." Akachukua cheri mkono mzima, akala.

Kituo kilichofuata wakashuka, Jagoda anamvuta mdogo wake, Bogusz nyuma na mabegi. Kutoka chini wakaiona treni ikiondoka. Zornitsa alikuwa dirishani. Alikuwa ameegama upande wa kitu kisichoonekana, anasikiliza kwa makini, na akahamisha begi lake mapajani ili mwenzake apate nafasi. Kisha akawapungia mkono.

Kalina naye akampungia. "Nani yule?" akauliza, mdomo mwekundu kwa cheri.

Jagoda hakumwambia. Bogusz alimwambia, majira ya baridi, akiwa amelewa, na tangu hapo Kalina akimwona dada yake anaingia sebuleni anachukua sahani yake anakwenda kula chumbani. Mama hajui kwa nini. Alirudishiwa binti yake kama alivyo, analalamika nini?

Jagoda anasoma bado Poznań, mwakani anahitimu sheria. Kila likizo hupanda treni kwenda kwao, na husimama ujiani njia nzima, begi miguuni, hata mabehewa yakiwa matupu. Juzi juzi kijana mmoja mwenye adabu zake alifungua mlango wa chumba, akasogeza koti lake, akamwonyesha kiti cha dirishani.

"Karibu dada, mbona unasimama? Kiko wazi."

Jagoda aliuangalia uso wa kijana, akautafuta sana ule wasiwasi ambao yeye mwenyewe aliuficha siku ile, na hakuweza kusema kama upo au haupo.

"Nani alikuwa amekaa hapo?" akauliza.

"Hapa? Hakuna mtu," akasema kijana, akitabasamu.

Jagoda akateremka kituo kilichofuata, mvua inanyesha, akaenda nyumbani kwa miguu.